Darasani, masafa au mseto: ipi itakufaa wewe?

Msimu wa udahili ukifika, naulizwa swali lile lile na watu tofauti. Muuguzi wa zahanati anataka kutoka cheti kwenda stashahada, lakini mganga mfawidhi hana wa kumwachia zamu. Mwalimu wa msingi huko Nkasi anataka shahada, na ana watoto watatu nyumbani na tisini darasani. Kijana wa kidato cha sita ameona kozi inayosomwa nusu chuoni, nusu mtandaoni, na baba yake anataka kujua kama hicho ni chuo au ni utani. Siku hizi wameongezeka na walimu wenzangu: mkuu wa idara ametangaza kwamba muhula ujao kozi zote ni mseto, basi, kikao kimekwisha.

Nimefundisha kwa njia zote tatu, na nimesoma kwa mbili. Nimeona watu wakimaliza vizuri kwa kila moja, na nimeona watu wakipoteza pesa na miaka kwa kila moja. Kwa hiyo hapa sitakutajia mshindi.

Kwanza tukubaliane tunalinganisha nini. Darasani ni kule kulikozoeleka: unahamia chuo kilipo au unaenda kila siku, na mwalimu yupo mbele yako. Masafa ni kusoma ukiwa kwako kwa vitabu, moduli na intaneti, ukionana na chuo hasa wakati wa mitihani. Mseto ni pale sehemu ya somo unapoisoma mwenyewe kupitia jukwaa la chuo la mtandaoni (mara nyingi programu iitwayo Moodle), sehemu nyingine mnakutana ana kwa ana, na sehemu hizo mbili zinategemeana.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Mhadhiri anayetupa PDF kwenye grupu la WhatsApp kisha anakuja darasani kusoma PDF ile ile hajafanya mseto. Aliyewahi kupika mseto wa mchele na choroko anajua choroko hutangulia jikoni, kwa sababu huchelewa kuiva. Ukivitia pamoja unapata wali uliovurugika wenye choroko zinazogonga meno. Kozi nyingi zinazoitwa mseto zimepikwa hivyo.

Wala si jambo la jana. Kabla ya intaneti watu hapa kwetu walisoma kwa njia ya posta. Open University ya Uingereza ilipoanza kufundisha mwaka 1971, ilichanganya vitabu vilivyotumwa nyumbani, vipindi vya BBC na kambi za masomo wakati wa kiangazi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilitandaza vituo mikoani ili mtu wa Sumbawanga asilazimike kuhamia Kinondoni. Kilichoongezeka sasa ni simu mkononi.

Vigezo nitakavyotumia

Nitapima kwa pesa, muda, uelewa wa somo, upweke, cheti chenyewe na mzigo wa mwalimu. Havina uzito sawa, wala sitavipa nafasi sawa. Ukiwa na haraka, soma cha kwanza na cha tatu, na kama wewe ni mwalimu ruka hadi cha mwisho.

Pesa

Anayesoma darasani analipa ada, kisha gheto au hosteli, chakula na nauli. Kwa kijana anayetoka shule, hesabu inaishia hapo. Kwa mwenye kazi, gharama kubwa kuliko zote haipo kwenye fomu ya kujiunga: mshahara au biashara anayoiacha nyuma. Nimeona mama mwenye duka la vipodozi akilipa ada bila shida, kisha duka likafa kwa sababu aliyeachiwa hakuwa yeye.

Masafa huokoa hapo. Unabaki na kipato, unakaa kwako, na vyuo vingi hukuruhusu kulipa kozi moja moja kadiri mfuko unavyoruhusu. Unabeba bando, kifaa cha kusomea na safari za mtihani.

Mseto hukuchaji pande zote mbili, bando na nauli, na hili matangazo hayalisemi. Zile wiki mbili za ana kwa ana zinahitaji mahali pa kulala, na nyumba ya wageni haikupi bei ya mwanafunzi. Upande wa bando, piga hesabu kabla. Kipindi cha Zoom cha kikundi, video zikiwa zimewashwa, kinaweza kula karibu GB 1 kwa saa au zaidi. Sauti peke yake haizidi makumi machache ya MB. Kozi yenye saa ishirini za video na kozi yenye saa ishirini za sauti pamoja na maandishi ni kozi mbili tofauti kwa mtu anayenunua bando la siku. Muulize mratibu: mihadhara ni ya moja kwa moja au imerekodiwa? Inapakuliwa ukaisikiliza bila mtandao? Akisitasita, zidisha bajeti yako.

Na kifaa. Simu inatosha kusoma na kusikiliza. Kuandika ripoti ya utafiti ya kurasa arobaini kwa kidole gumba ni mateso, nimewasahihishia waliofanya hivyo na macho yao yalieleza.

Muda

Darasani ratiba ni moja na haijali kwamba mtoto anaumwa. Faida yake ni hiyo hiyo: saa mbili asubuhi ni saa mbili, na huna haja ya kuamua kila siku kama utasoma.

Masafa inakupa uhuru wote, nao una namna yake ya kukunyonya. Kesho inakuwa wiki ijayo, wiki ijayo inakuwa muhula ujao. Shahada ya miaka mitatu inaweza kufika sita bila mtu kukukaripia.

Mseto unafaa au haufai kulingana na jambo moja: tarehe za kukutana. Walimu wana bahati kwa sababu likizo za shule zinajulikana mapema. Kenya vyuo vikuu vimeendesha kwa miaka mingi programu ambazo walimu huingia madarasani shule zikifungwa, na mpangilio huo umewapa shahada watu ambao wasingezipata vinginevyo. Muuguzi, askari, dereva na mfanyakazi wa kiwandani hawana likizo ya pamoja. Kwao tarehe za kukutana zikitangazwa wiki mbili kabla, mseto hugeuka mtego. Wameshalipa ada, mwajiri anakataa kuwaachia, na alama za mahudhurio zinakwenda.

Uelewa wa somo

Swali ambalo kila mzazi huuliza ni hili: anayesoma nusu mtandaoni anaelewa sawa na aliyekaa darasani? Mwaka 2010 Wizara ya Elimu ya Marekani ilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za kulinganisha. Kwa wastani, waliosoma kwa mseto walifanya vizuri kidogo kuliko waliosoma ana kwa ana tu. Wauza programu za kompyuta hupenda kuishia hapo. Lakini watafiti wale wale walionya kwamba wanafunzi wa mseto mara nyingi walipata muda zaidi wa kujifunza na vifaa vya ziada. Yaani huenda skrini haikuhusika sana, na aliyesoma zaidi ndiye aliyeelewa zaidi.

Hapa kwetu naona faida moja ambayo tafiti za Marekani haziwezi kuiona. Mwanafunzi ambaye wengi wetu tunampokea alisoma msingi kwa Kiswahili na anasoma chuo kwa Kiingereza. Darasani mhadhiri anakwenda, yeye bado anatafsiri sentensi ya tatu kichwani. Rekodi anaisimamisha. Anarudisha nyuma, anatafuta neno, anasikiliza mara ya tatu usiku watoto wakilala. Na yule ambaye hajanyoosha mkono tangu kidato cha kwanza kwa kuogopa kuchekwa, kwenye jukwaa la mjadala anaandika aya nzima iliyonyooka. Nimegundua wanafunzi wazuri kwa njia hiyo ambao ningewapita darasani.

Darasani nako kuna kitu ambacho rekodi haina. Mwalimu mzoefu anaona nyuso zimepotea, anafuta ubao na kuanza upya kwa mfano wa daladala. Rekodi haikuoni ukikunja uso.

Masafa huwafaa zaidi wanaosoma mambo wanayoyaishi tayari. Mhasibu anayesoma uhasibu, mwalimu anayesoma elimu, hao wanapoisoma moduli wana ofisi au darasa zima la kujaribia. Anayeanza fani mpya kabisa peke yake na kitabu anapanda mlima.

Kwa masomo ya vitendo, mseto unafaa hasa. Mwaka 2016 VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, na kampuni ya simu ya Airtel walizindua VSOMO, programu ya simu ya kujifunzia ufundi. Nadharia ya ufundi uliisoma kwenye simu, ukifaulu ulikwenda chuo cha VETA kushika vifaa. Mgawanyo huo una akili: hakuna haja ya kusafiri ili ukasomewe aina za nyaya, lakini hakuna namna ya kujifunza kuunganisha nyaya kwa kutazama simu. Kenya, kuanzia mwaka 2005, shirika la afya la Amref pamoja na Baraza la Wauguzi waliwapandisha wauguzi kutoka ngazi ya cheti hadi stashahada kwa masomo ya kompyuta bila kuwatoa kazini, vitendo vikifanyika hospitalini. Kuwaita wote madarasani kungeacha wodi bila watu.

Mitaala hiyo miwili ilianza kwa kujiuliza ni kipi lazima kifanyike mkiwa pamoja. Kilichobaki ndicho kikaenda kwenye simu. Kozi iliyoanza upande wa pili, kwa kuuliza tuweke nini mtandaoni ili tupunguze madarasa, utaitambua siku ya kwanza ya kukutana: mtasomewa slaidi.

Upweke

Hiki huwaangusha watu kuliko ugumu wa somo. Darasani una diskasheni chini ya mwembe, una madesa ya waliotangulia, una rafiki wa kukugongea mlango ukilala siku ya mtihani. Umati huo huo unaweza kukubeba hadi kwenye sapu, yaani mtihani wa kurudia, lakini hautakuacha uamini kwamba ni wewe peke yako usiyeelewa.

Kwenye masafa utaamini hivyo. Njia hii inamtaka mtu aliyekwisha kujijua, na ndiyo maana wenye miaka thelathini na tano huwa wanaimudu kuliko wa miaka kumi na tisa. Ukiichagua, tafuta wawili watatu wa kozi yako walio karibu na kituo chako cha mkoa mapema, kabla hujakwama.

Mseto uko katikati, kwa sharti kwamba mkutane mwanzoni. Wiki ya kwanza mkionana sura, mkala pamoja, mkacheka, lile grupu la WhatsApp litakuwa hai miezi sita. Kozi zinazoweka ana kwa ana mwishoni tu, kabla ya mtihani, hupoteza faida hii yote.

Mitihani na cheti

Hapa nitakuwa mfupi. Mwajiri makini haangalii ulikaa wapi, anaangalia kama programu ina ithibati, yaani imetambuliwa rasmi. Tanzania kwa shahada uliza TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa stashahada na cheti uliza NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Kenya kwa shahada ni CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu. Kama fani yako ina baraza lake, uuguzi au sheria kwa mfano, uliza na huko kama linatambua programu hiyo *kwa njia hiyo ya kusoma*. Wengine huuliza jina la chuo na kusahau kuuliza njia. Anayetegemea mkopo aulize hivyo hivyo kabla ya kuchagua.

Mzigo wa mwalimu

Darasani mwalimu anachoka sauti na miguu. Anafundisha kitu kile kile kwa mikondo minne, anasahihisha rundo, lakini kipindi kikiisha kimeisha. Faida nyingine ni kwamba saa zake zinaonekana, na malipo ya ziada mara nyingi huhesabiwa kwa saa za darasani.

Kwenye masafa kazi yake ni kalamu. Anaandika moduli inayopaswa kueleweka bila yeye kuwepo, ufundi ambao wachache wetu tulifundishwa. Kisha anasahihisha kazi za watu asiowajua sura. Kazi hii ina ukimya wake na kuna walimu wanaoipenda.

Mseto, muhula wa kwanza, ni kazi mbili kwa mshahara mmoja. Mimi nilianza vibaya. Nilirekodi mihadhara yangu ya dakika hamsini kama ilivyo, nikaipandisha, kisha nikaingia darasani nikaifundisha tena kwa hofu kwamba hawakusikiliza. Wiki ya tatu kweli hawakusikiliza, na kwa nini wasikilize wakati nairudia? Chuo nilichokuwepo hakikuwa na mtu wa kunieleza. Mafunzo yalikuwa asubuhi moja, ya namna ya kupandisha faili. Jukwaa lilizimika usiku wa mwisho wa kukusanya kazi, na asubuhi nilikuta ujumbe wa wanafunzi 63 kwenye simu, wa mwisho umetumwa saa tisa usiku.

Nilichojifunza baadaye ni kidogo tu. Rekodi fupi, dakika nane hadi kumi na mbili, wazo moja. Maswali matano baada ya kila rekodi, yafungwe usiku wa kuamkia kipindi. Asubuhi nikifungua majibu naona swali la tatu limewashinda wote, basi kipindi chote ni swali la tatu. Sirudii rekodi hata nikibembelezwa. Walimu wawili wa kemia wa sekondari huko Colorado, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walifanya jambo la namna hii mwaka 2007. Sababu yao haikuwa ya kifalsafa, wanafunzi wao walikuwa wakikosa vipindi na wao walichoka kurudia.

Ukivuka muhula wa kwanza mzigo hushuka. Wa tatu unarekebisha tu. Lakini ujumbe wa usiku hauishi wenyewe. Tangaza saa za kujibu na uzishike, la sivyo utakuwa kazini hata ukiwa msibani. Na kabla hujakubali, uliza idara mambo ya aibu: saa za kurekodi zinahesabiwa kwenye mzigo wangu? Bando ni la nani? Mhadhiri wa muda anayelipwa kwa kipindi, akihamisha nusu ya vipindi mtandaoni, amejipunguzia mshahara kwa mkono wake.

Mwalimu ambaye hajawahi kusoma kwa mseto aonje kwanza upande wa mwanafunzi. Wa shule za Tanzania wana nafasi hiyo kupitia MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini. Moduli ziko kwenye mfumo wa Taasisi ya Elimu, na walimu wa shule moja hukutana kujadili na kufundishana. Utajua mwenyewe moduli ipi uliiruka, na kwa nini.

Kulingana na hali yako

*Umemaliza kidato cha sita, huna kazi wala familia.* Darasani kama pesa ipo. Unachokwenda kukipata si somo tu, ni watu. Mseto uwe wa pili, na uchague wenye siku nyingi za kukutana.

*Umeajiriwa, likizo yako inajulikana, na kituo cha chuo kiko ndani ya safari ya siku moja.* Mseto, ukipewa kalenda ya kukutana ya mwaka mzima kwa maandishi kabla ya kulipa.

*Unafanya kazi ya zamu.* Masafa kwa somo la nadharia. Kwa somo la vitendo, tafuta mseto ambao vitendo vyake vinafanyika mahali unapofanya kazi au karibu nako, na msimamizi wako asaini kwamba anajua.

*Uko mahali ambapo mtandao hushika ukipanda kichuguu.* Usiogopeshwe na mseto, ogopa vipindi vya moja kwa moja. Masafa yenye moduli za kuchapisha bado yapo. Mseto wa kupakua mara moja kwa wiki ukienda mnadani nao unawezekana, nina mwanafunzi aliyemaliza hivyo.

*Una mtoto mchanga.* Masafa kwa mwaka wa kwanza, kozi chache, kisha uangalie kama chuo chako kinakuruhusu kuhamia mseto. Uliza hilo sasa, usisubiri mwaka wa pili.

*Ulishawahi kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, au kuacha katikati.* Jiulize ulianguka wapi. Kama ni pesa na muda, mseto au masafa. Kama ni kutofungua kitabu hadi wiki ya mtihani, rudi darasani.

*Ulionja mtandao mwaka 2020 shule na vyuo vilipofungwa, ukauchukia.* Ile ilikuwa dharura, walimu wenyewe walikuwa wanababaisha. Omba uonyeshwe kozi moja ilivyo sasa, ndani ya jukwaa, kabla hujahukumu.

*Wewe ni mwalimu na hujalazimishwa.* Anza na mada moja, ile ambayo kila mwaka unairudia mara tatu na bado inawashinda.

*Wewe ni mwalimu na umelazimishwa, kozi zote, muhula ujao.* Chagua kozi moja uifanye vizuri. Nyingine weka maelezo na maswali ya marudio tu, uendelee kufundisha ulivyozoea, na mwambie mkuu wa idara kwa maandishi kwamba ndivyo unavyofanya na utahamisha kozi moja kila muhula.